Kuku 10 wa nyuma ya nyumba na baridi ya nyuzi −25: nizibe banda na kulipasha joto, au niliache?

Shamba_Dogo

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wenu mapema, kabla ardhi haijaganda.

Nina kuku 10 nyuma ya nyumba, matetea 9 na jogoo 1. Banda ni la mbao: urefu mita 2.4, upana 1.8, kimo 1.8, na limeinuliwa sentimita 40 kutoka ardhini. Kuta zimepigwa plaiwudi kwa ndani, katikati hakuna kitu. Uwanja wao ni mita 3 kwa 5, una wavu pande zote na juu. Majira ya baridi huku kipimajoto hushuka usiku hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na mchana hukaa chini ya −10 kwa wiki kadhaa mfululizo. Umeme unafika bandani kwa waya kutoka nyumbani.

Nimeshauriwa nizibe kila upenyo, hata ule wa chini ya paa, kisha nining'inize taa nyekundu ya joto ya wati 250. Ushauri huo unanitia wasiwasi kwa sababu ya hewa nzito na kwa sababu ya moto. Jogoo ana upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) mkubwa wa meno meno, naogopa utaungua na baridi. Maji nayo nifanyeje yasigande? Na matetea watataga, au nikubali kukosa mayai mpaka siku zirefuke?

Mzee_Kichanja

Ndugu Shamba Dogo, wasiwasi wako ni wa haki. Usizibe.

Kuku mzima aliyekwisha kuota manyoya yote ana joto la mwili la karibu nyuzi 41. Akitutumua manyoya ananasa tabaka la hewa ambalo baridi hupenya kwa shida, na baridi kavu ya −20 anaimudu. Kinachomshinda ni unyevu, na unyevu huo anautengeneza yeye mwenyewe.

Piga hesabu. Kuku 10 hunywa kati ya lita 2 na 2.5 kwa siku. Sehemu ndogo inaondoka na yai. Iliyobaki inatoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho robo tatu yake ni maji. Hewa ya nyuzi 20 hubeba karibu gramu 17 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ya sifuri hubeba karibu gramu 5. Ya −20 ni kama gramu 1 tu. Banda lako lina mita 7.8 za ujazo, kwa hiyo likiwa kwenye nyuzi sifuri hewa yote iliyomo inashiba kwa gramu 38 za maji, ambazo hazijazi hata vijiko vitatu vya kulia chakula. Na kuku wanamwaga humo karibu lita mbili kwa siku! Hewa hiyo isipotoka, mvuke unaganda kwenye plaiwudi, kwenye vichwa vya misumari na kwenye upanga wa jogoo. Upanga uliolowa huungua hata kwa baridi ambayo upanga mkavu usingeihisi. Tena kinyesi chenye maji hutoa amonia, amonia inachubua macho na njia ya hewa, na magonjwa ya kifua yanafuata. Banda lililozibwa kila upande ndilo linaloongoza kwa panga nyeusi kila mwaka.

Matundu yakae juu, chini kabisa ya paa, pande mbili zinazotazamana. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mita ya mraba 0.09 kwa kila kuku, yaani 0.9 kwa kuku wako 10. Ukikata mkanda wa sentimita 19 kwenye kila ukuta mrefu, kutoka kona hadi kona (mita 2.4), unapata 0.91. Funika kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 12, na kwa nje weka vifuniko vya bawaba vinavyofunguka kutoka chini, ili theluji isiingie. Siku ya dhoruba funga upande upepo unakotoka tu, ule mwingine ubaki wazi. Usifunge yote mawili hata usiku mmoja.

Upepo wa kumpiga kuku akiwa amelala ni habari nyingine kabisa, na huo ndio wa kuzuia. Hewa ipite juu ya vichwa vyao. Fito za kulalia zikiwa sentimita 70 kutoka sakafuni, vichwa vinafika kama mita 1.1, na matundu yako yanaanza mita 1.6, nafasi hiyo ya nusu mita inatosha. Usiku wenye upepo ingia na utepe mwembamba wa karatasi, uushike usawa wa mgongo wa kuku aliyelala. Ukipepea, tafuta upenyo ulio chini na uuzibe. Mara nyingi ni mlango wa kuku, kiungo cha sakafu na ukuta, au nyuma ya viota.

Fito ziwe mbao za sentimita 5 kwa 10, upande wa 10 uangalie juu, kingo zimepigwa msasa. Hapo kuku anakalia vidole vyake vyote na manyoya ya tumbo yanavifunika. Fito nyembamba ya mviringo huacha vidole vikizungukia chini, wazi kwa baridi. Bomba la chuma usilitumie kabisa. Kila kuku anahitaji sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo fito moja ya mita 2.4 haiwatoshi, weka mbili, zipishane sentimita 40, na zote ziwe kimo kimoja. Ukiweka moja juu ya nyingine, kila jioni kutakuwa na ugomvi wa kugombea ya juu, na wanyonge wataishia kulala sakafuni au viotani.

Chini ya fito tandika ubao mpana wenye mchanga mkavu, uuparue kila asubuhi. Sehemu kubwa ya kinyesi cha siku huangukia hapo usiku, nawe unakitoa kabla hakijatoa mvuke wake.

Katikati ya kuta waweza kujaza kizuizi cha baridi, lakini anza na dari, na uhakikishe hakuna hata kipande kilicho wazi. Kuku hudonoa stairofomu (lile povu gumu jepesi la kuzuia baridi) kwa pupa, na panya huifanya nyumba. Faida yake kubwa ni kwamba ukuta usipokuwa baridi sana mvuke haugandi juu yake.

Alfajiri ndiyo saa ya kukagua. Fungua mlango kabla kuku hawajashuka, uvute pumzi ukiwa umeinama usawa wao. Harufu ikichoma pua, matundu hayatoshi au kinyesi kimezidi. Kioo cha dirisha kikiwa na barafu kwa ndani, au misumari ya dari ikiwa na ukungu mweupe, ongeza hewa siku hiyo hiyo. Kipimaunyevu cha bei ndogo kinasaidia. Ukikuta kinapita asilimia 70 mara kwa mara, usisubiri dalili nyingine.

FundiWaya

Naunga mkono hoja ya Mzee. Nigusie taa na maji.

Taa ya wati 250 ni balbu yenye joto la kuwasha maranda, ikining'inia juu ya maranda makavu, vumbi la manyoya na ndege wanaoruka. Kibanio chake hulegea. Tone la maji baridi likigusa kioo chenye moto, kinapasuka na vipande vinaanguka kwenye matandazo. Mabanda mengi huungua kwa njia hii, na mara nyingi usiku wenye baridi kali kuliko yote, wakati watu wamelala. Kuna pia suala la Tefloni: balbu zilizopakwa utando huo ili zisivunjike hutoa gesi zikipata moto, gesi hiyo huua ndege kwa saa chache, na wewe hutasikia harufu yoyote.

Halafu kuku wanaolala kwenye joto hawaoti vizuri manyoya mazito ya chini. Umeme ukikatika usiku wa −25, wanatoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi ambayo miili yao haikuandaliwa. Wale walioizoea baridi kidogo kidogo tangu mwanzo wa vuli hawapati mshtuko huo.

Ikibidi kabisa, kwa mfano kuku mgonjwa au aliyenyonyoka manyoya ghafla baridi ikiwa imeshaingia, tumia paneli bapa ya joto isiyo na waya mwekundu wala kioo, ifungwe ukutani kwa skrubu, imfae yule anayeisogelea. Kazi yake si kupasha banda zima.

Waya wa kwenda bandani uwe ule wa kuhimili nje na baridi; mpira wa kawaida hukakamaa kwenye −20 na kupasuka unapoukunja. Viungo vyote viwe kwenye sanduku lililofungwa, nusu mita au zaidi juu ya sakafu, na soketi ya nyumbani iwe na kikatizi kinachokata umeme ukivuja kwa milliampia 30. Panga waya kwa kuwaza panya: upite ndani ya bomba.

Maji sasa. Kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hana cha kumpa joto. Theluji haichukui nafasi ya maji. Akiila anatumia joto la mwili kuiyeyusha na bado hapati kiasi anachohitaji. Una njia mbili za kweli.

Ya kwanza haina umeme. Nunua mabeseni mawili ya mpira mweusi mzito, ya lita 5 hadi 8. Moja liko uwanjani, lingine ndani ya nyumba. Asubuhi peleka lenye maji vuguvugu, saa 7 mchana ubadilishe, saa 9 ubadilishe tena. Lililoganda ligeuze, ulipige teke, barafu inatoka kipande kizima na mpira haupasuki. Plastiki ngumu hupasuka kwenye wiki ya kwanza.

Ya pili ni sahani ya kupasha chini ya chombo, yenye kidhibiti kinachowaka maji yakikaribia kuganda. Nyingi zimetengenezwa kwa chombo cha chuma, soma maandishi kabla hujaweka plastiki juu yake. Na ukitumia chombo cha bati lililopakwa zinki, usitie siki kwenye maji, kwa sababu asidi huyeyusha zinki ikaingia kwenye kinywaji.

Chuchu za maji (vali ndogo za ndoo ambazo kuku huzidonoa tone litoke) zinafaa kwa usafi, lakini chagua zile za pembeni. Za chini huacha tone likining'inia na tone hilo ndilo la kwanza kuganda. Ndani ya ndoo weka hita ndogo ya kuzamishwa yenye kidhibiti chake na kizimba kinachoizuia kugusa plastiki. Hata hivyo baridi ikizidi, chuma cha chuchu chenyewe huganda ingawa maji ndani ya ndoo ni vuguvugu. Ibonyeze kila asubuhi kwa kidole ujionee tone likitoka. Ndoo iliyojaa inaweza kukudanganya.

Ile mbinu ya kuelesha chupa ya maji ya chumvi ndani ya beseni ili maji yasigande, iache. Inachelewesha kidogo sana, na chupa ikivuja unawanywesha chumvi.

Usiku toa maji bandani. Gizani kuku hanywi, na chombo kilicho wazi kinaongeza mvuke bure.

Shamba_Dogo

Shikamoo Mzee Kichanja, na asante sana Fundi. Nitakata matundu na taa nitaiacha.

Naomba mnimalizie mambo matatu. Sakafuni niweke maranda au nyasi kavu, na kina gani? Upanga wa jogoo nipake mafuta mazito ya Vaselini kama wanavyosema wengi? Na chakula, niongeze mahindi?

Mama_Tembe

Kaka, maranda ya msonobari ya chembe kubwa ndiyo ya kuanzia, sentimita 12 hadi 15, yakiwa makavu kabisa. Unga wa mbao hauwafai kwa sababu ya vumbi, na maranda ya mwerezi yana mafuta makali yanayochubua kifua. Nyasi na mabua yanashika joto vizuri, ila yakilowa yanashikana kuwa gamba na ukungu unaota chini yake. Yaweke viotani, au kwa tabaka juu ya maranda.

Ukitaka matandazo ya kina, ongeza maranda mapya kila wiki au mbili badala ya kutoa ya zamani, mpaka yafike sentimita 25 au 30 mwisho wa baridi. Vijidudu vinameng'enya kinyesi na tabaka la chini linapata joto kidogo. Usilitegemee hilo joto. Faida ni ukavu na kazi ndogo. Sharti ni kugeuzwa. Kuku wenyewe watageuza ukitupa punje chache jioni, isipokuwa kwenye kona na chini ya fito, huko tumia uma wa shamba. Shika konzi ya matandazo na uibane: ikitoa maji au ikibaki donge, imelowa mno, ongeza makavu na utoe lile donge. Ikisambaa mkononi, iko sawa. Katika baridi ya −25 uozaji karibu unasimama, kwa hiyo utaona kinyesi kimeganda kikirundikana. Hilo si tatizo mpaka siku ya kwanza ya joto, ambapo kila kitu kinayeyuka kwa pamoja na amonia inapanda kwa saa chache. Siku hiyo fungua milango yote.

Vaselini haina maji, kwa hiyo yenyewe haigandi, na inakinga kidogo dhidi ya upepo mkavu. Lakini haizuii upanga kuungua bandani mwenye unyevu, na wengi wakishaipaka wanaacha kushughulikia hewa. Ukipenda paka kwa utando mwembamba jioni ya siku ya upepo mkali. Ukiona inashika vumbi na maranda, acha.

Dalili za kuungua zinaanza nchani mwa meno ya upanga na chini ya ndevu (zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo): rangi inapauka au kuwa kijivu, kisha panavimba, siku zinazofuata panakuwa peusi. Ndevu za jogoo huungua kwa sababu anazitumbukiza kwenye maji akinywa, kwa hiyo chombo chenye mdomo mwembamba au chuchu kinamsaidia kuliko mafuta. Akishaungua usisugue, usimpulizie kikausha nywele, wala usikate sehemu nyeusi. Ile ngozi iliyokufa inalinda nyama iliyo chini na itadondoka yenyewe. Mpeleke mahali pasipoganda, pasipo na joto kali. Kama ni miguu, iloweke kwenye maji vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 kwa dakika 20 hivi, uikaushe kabisa. Asirudi kwenye baridi mpaka apone, kwa maana kuyeyuka na kuganda tena kunaharibu zaidi ya kuganda mara moja. Maumivu ni makali; akiacha kula au ukiona usaha, muone daktari wa mifugo. Jogoo aliyeungua hupoteza uwezo wa kurutubisha mayai kwa muda.

Chakula. Tetea wa kawaida hula gramu 110 hadi 130 za chakula cha kutagia kwa siku. Kwenye baridi kali anafika 150, wakati mwingine zaidi, na umwache ale anavyotaka. Protini iwe asilimia 16 au zaidi. Kama bado wananyonyoka manyoya mwishoni mwa vuli, wape yenye 18 hadi 20 mpaka waote, kwa sababu unyoya karibu wote ni protini. Mahindi yaliyoparazwa ni mazuri jioni, saa moja kabla ya kulala, konzi ndogo ya gramu 10 hadi 15 kwa kila kuku. Yanawapa nishati ya kujitia joto usiku. Ukizidisha, wanashiba nishati wanaacha chakula chenye protini na madini, na unapata kuku wanene wenye mayai ya gamba jepesi.

Kitu kinachosahaulika ni changarawe. Ardhi ikifunikwa na theluji hawana mahali pa kuokota vijiwe vya kusagia ndani ya firigisi. Weka kikopo cha changarawe ngumu na kingine cha makombe ya chaza, tofauti, wachague wenyewe. Makombe yanayeyuka, hayasagi.

Shamba_Dogo

Asante mama. Na mayai? Hakuna aliyenijibu kuhusu kutaga.

Mama_Tembe

Samahani kaka, niliacha makusudi kwa sababu linategemea uamuzi wako.

Kinachosimamisha kutaga ni urefu wa siku, baridi inachangia kidogo tu. Tetea anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga. Ukiwa kwenye latitudo 50, mchana wa tarehe 21 Desemba ni kama saa 8. Kwenye latitudo 60, ilipo Helsinki na Oslo, haufiki saa 6. Tembe walioanguliwa majira ya kuchipua huwa wanaanza kutaga vuli na wengi wanaendelea kipindi chote cha kwanza cha baridi hata bila taa. Wale wa mwaka wa pili na kuendelea hunyonyoka na kupumzika. Ukiwaacha wapumzike hakuna ubaya. Mayai yatarudi siku zinaporefuka, na gamba litakuwa bora.

Ukitaka kuongeza mwanga, LED moja ya rangi ya manjano inatosha kwa banda lako. Kipimo ni mwanga unaokuwezesha kusoma gazeti usawa wa chombo cha chakula. LED inawaka vizuri kwenye baridi, tofauti na zile balbu za gesi ambazo hufifia. Taima iwashe saa 10 alfajiri mpaka kukikucha. Kama jua linazama saa 10 jioni, ongeza mpaka saa 12 jioni upate saa 14. Jioni lakini taa ikizima ghafla, kuku walio sakafuni hawaoni fito na watalala walipo, kwa hiyo weka taa ya pili dhaifu inayozima dakika 20 baadaye. Ukiona usumbufu, saa zote za ziada zitie alfajiri. Anza kwa nusu saa kwa wiki, usiruke kutoka 9 hadi 14 kwa siku moja. Na ukishaanza usikatize katikati ya Januari: mwanga ukipungua ghafla wananyonyoka manyoya wakati mbaya kuliko wote.

Kusanya mayai mara tatu mchana. Ute unaanza kuganda chini kidogo ya sifuri, unatanuka, na gamba linapasuka kwa urefu. Yai lililopasuka mpaka ngozi ya ndani, tupa. Lililoganda likiwa zima, liyeyushe kwenye friji na ulipike liive.

Daktari_Mabawa

Naongeza ambalo halijatajwa: utitiri. Wengi wanadhani baridi inaua wadudu wote. Ule mwekundu unaojificha kwenye nyufa hupungua kasi kweli. Lakini utitiri wa kaskazini wa ndege, *Ornithonyssus sylviarum*, unaishi maisha yake yote juu ya kuku, na baridi ndiyo majira yake ya kushamiri kwa sababu manyoya ni mazito na kuku hawaogi vumbi. Jogoo ndiye hubeba wengi kuliko wote.

Kila wiki mbili, usiku, chukua kuku wawili watatu pamoja na jogoo. Tenganisha manyoya chini ya mkia kwa tochi. Ukiona vitu vidogo vya kijivu au vyeusi vinakimbia, manyoya yenye uchafu mweusi shinani, na ngozi yenye magamba, ndio hao. Mayai meupe yaliyorundikana chini ya unyoya ni ya chawa. Tibu kuku wote usiku mmoja kwa dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, urudie kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa dawa nyingi haziui mayai. Usiwaogeshe kwa maji wakati huu. Upanga uliopauka kwa kuku aliyekonda mara nyingi ni upungufu wa damu kutokana na utitiri, na watu hulaumu baridi.

Kinga ni bafu la vumbi lililo chini ya paa: beseni la sentimita 60 kwa 60, kina cha 20, udongo mkavu na mchanga, na majivu safi ya kuni kiasi kidogo. Udongo huo uchimbe na uuhifadhi ndani sasa hivi, kwa sababu ukishaganda huupati tena.

Ndege wa mwituni nao wanafuata chakula kilichomwagika theluji inapofunika ardhi, na bata wa porini huleta mafua ya ndege. Chakula na maji viwe chini ya paa, viatu vya bandani visitoke bandani, na mamlaka za mifugo zikitangaza amri ya kufungia kuku ndani, ifuateni siku hiyo hiyo.

FundiWaya

Neno la uwanja, Shamba Dogo, maana umesema una wavu juu. Theluji mbichi inashikamana kwenye wavu mwembamba na uzito wake unakunja nguzo usiku mmoja. Ama uondoe wavu wa juu uweke paa la mteremko wa plastiki ya mawimbi juu ya sehemu ya mita 3 kwa 2 karibu na mlango, ama utie nguzo ya katikati na uutingishe kila inapoanguka. Pande mbili za upepo zifunge kwa plastiki nene ya kitalu, ukiacha sentimita 20 wazi juu. Kuku hawapendi kukanyaga theluji. Wamwagie mabua sentimita 10 juu yake na watatoka. Ukiwafungia wiki nzima kwenye mita za mraba 4.3 bila kazi, wataanza kudonoana manyoya. Kabichi nzima iliyoning'inizwa usawa wa vichwa vyao inawashughulisha siku nzima.

Theluji ikirundikana kando ya uzio, uzio wa mita 1.5 unabaki nusu mita na mbweha anapanda tu. Ifukue. Kicheche anapita tundu la sentimita 2.5, hivyo zile nyufa ulizoziacha kwa sababu ni ndogo zizibe kwa wavu wa milimita 12. Mlango wa kuku unaosimama kwenye reli hujaa barafu chini, ufagie kila jioni kabla ya kuufunga. Kama ni wa mashine, tumia betri za lithiamu, za alkali hupoteza nguvu kwenye baridi na mlango unaishia nusu.

Shamba_Dogo

Nimewapata. Jumamosi nakata matundu na kubadilisha fito. Swali moja: jogoo huyu mwenye upanga mkubwa, nimbadilishe mwaka ujao?

Mzee_Kichanja

Kama unazalisha vifaranga, ndiyo, ni rahisi kuishi na upanga mdogo kwenye −25 kuliko kuulinda mkubwa kila mwaka. Tafuta Wyandotte (upanga bapa wa waridi), Brahma au Buckeye (upanga wa njegere), au Chantecler, aliyezalishwa huko Kanada kwenye monasteri ya Oka kwa kazi iliyoanza mwaka 1908, lengo likiwa kuku wa nyama na mayai mwenye upanga na ndevu ndogo mno. Brahma ana manyoya miguuni. Theluji inashika barafu kati ya vidole, kwa hiyo kwa uwanja wenye theluji mbichi mimi ningemwacha. Huyu uliye naye mweke fito ya mbali na mlango, na umchungulie nchani mwa upanga kila alfajiri ya chini ya −15.

Na unapokata matundu Jumamosi, kata ule upande usioelekea upepo kwanza, uishi nao siku mbili, ndipo ukate wa pili.